Kikombe Nilichokiacha Kericho

Sidi, mwanangu,

Salamu sina, maana tumetoka kula pamoja sasa hivi na harufu ya mchuzi wangu bado iko mkononi mwako. Wenzako wa kwaya wamekuita kanisani wakuage. Hawe, bibi yako, amesinzia sebuleni na miwani machoni. Nimeifuta meza ya jikoni, nimekaa, na ninaandika. Kalamu ni ile yako ya mitihani, ukiitafuta kesho usimsingizie mtu.

Sitakuambia habari za sweta. Hawe ameshakuambia mara nne, na baba yako mdogo Kazungu, ambaye hajapata kuvuka Voi, amekueleza baridi ya kule kama mtu aliyezaliwa ndani ya friji. Sitakuambia usali, wala ule, wala uchague marafiki. Una miaka ishirini na mitatu na cheti chako cha maabara kiko ukutani. Kama mpaka leo hujui kula, basi mimi nilikuwa nikifanya kazi gani humu ndani.

Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka kumi na sita. Nilidanganya. Niliwadanganya watu wote wa nyumba hii, na wewe ukiwamo, na uongo huo nusura ukufungie mlango wa kazi yako.

Uongo wenyewe unaujua, ila hukujua kwamba ni uongo. Kwetu hapa mtu akikaa na mgeni bila kumpa kitu, tunamwambia, "Wewe umekuwa mtu wa Kericho?" Umekua na maneno hayo. Ulikuwa mdogo sana uliposimama uani ukamwambia binamu yako aliyekunyima mabuyu kwamba yeye ni mtu wa Kericho, na sisi wakubwa tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote. Ndivyo alivyo mtu mwenye deni na ukweli, hucheka kwanza ili asiulizwe.

Kisha mwezi uliopita ikaja barua ya kazi, kazi ya maabara katika kiwanda cha chai, na mahali penyewe pakawa Kericho. Jumapili ile baba yako mdogo akaja na kanzu yake ya kanisani, akakaa kiti cha marehemu baba yako bila kuulizwa, akasema kule huendi. Unakumbuka hoja yake ilikuwa nini. Alisema, "Mama Sidi, wewe mwenyewe walikunyima chai, na ulikwenda na wakubwa wako wa kazi. Huyu anayekwenda peke yake watampa nini?" Hawe akatikisa kichwa kukubali. Nikasema utakwenda. Akaniuliza kwa ruhusa ya nani, nami nikamwambia, "Kwa ruhusa ya tumbo lililombeba." Akanywa chai yake, akaondoka bila kumaliza mandazi.

Nilijiona nimeshinda. Lakini Jumanne nikafagia chumbani kwako na kukuta karatasi chini ya mto, umeandika kwa mwandiko wako mzuri kwamba unashukuru, ila kwa sababu za kifamilia hutaweza kuipokea nafasi hiyo. Niliichana mbele yako. Wewe hukulia, uliniuliza tu kwa utani, "Na wakininyima chai, mama?" Mdomo wako ulikuwa unacheka, lakini macho yako hayakucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikumshinda Kazungu hata kidogo. Mtu aliyetaka kukuzuia alikuwa mimi, wa miaka kumi na sita iliyopita.

Sasa nisikilize.

Unajua nilikuwa nafanya kazi katika ghala la chai, na unajua nilikuwa naosha vikombe. Watu wa mtaa huu hudhani ghala ni magunia tu na vumbi linalopandishwa na malori. Kumbe ndani mna chumba cheupe, kina madirisha makubwa, na ndani ya chumba hicho kuna meza ndefu. Asubuhi mimi nilipanga vikombe mstari mmoja, kila kikombe na chai yake kutoka kiwanda chake. Napima majani kwa mizani ndogo, namwaga maji yanayochemka, nafunika, naangalia saa. Zikitimu dakika naimimina kwenye bakuli. Ndipo waonjaji wanapita na vijiko. Wanaivuta kwa pumzi, kwa sauti ambayo nyumbani ungepigwa kofi, wanaizungusha mdomoni, kisha wanatema kwenye ndoo ya magurudumu inayowafuata. Hawamezi. Anayemeza hafiki adhuhuri na ulimi wake.

Mimi nilikuwa wa kuosha. Lakini kabla ya kuosha, wenyewe wakienda kula, nilichukua kijiko nikavuta na kutema kama wao. Mwaka wa kwanza sikuonja chochote ila maji ya moto. Wa tatu nikawa najua chai ya mlima huu na ya mlima ule. Siku moja mwonjaji mmoja mzee akarudi kuchukua miwani yake, akanikuta na kijiko mdomoni. Nilijua kazi imekwisha. Badala yake alinisogezea bakuli tatu akaniuliza ipi imekaa ghalani muda mrefu. Nikamwonyesha. Akacheka, na kuanzia siku hiyo, mgeni akija, aliniita nimwonyeshe. Mwanamke wa kuosha vikombe, wa darasa la saba, na ulimi kama wao. Kichwa kilinivimba, mwanangu, sina haja ya kukuficha.

Ndipo ikaja ile safari. Ghala lilichagua watu kumi waliokaa muda mrefu kazini, tukapelekwa Kericho tukaone majani yanakotoka. Wewe ulikuwa na miaka saba. Nilivaa leso mbili na viatu vya wazi, maana baridi niliyoijua mimi ni ya mwezi wa saba wa hapa kwetu.

Uzuri wa mahali pale utauona kwa macho yako na sitauharibu. Nitasema tu kwamba michai imekatwa sawasawa juu, kama nywele za mwanafunzi wa bweni, na inapanda kilima na kushuka kingine mpaka unachoka kuifuata. Nilikuwa nimeyashika majani hayo kwa miaka yakiwa makavu na meusi, na sikujua kwamba jani bichi halina harufu yoyote. Niliponusa nikasikia nyasi tu. Nilihisi nimedanganywa.

Mchana tulipelekwa kwa mkulima mmoja, mwanamke, Mama Chelangat. Ana kipande chake cha michai nyuma ya nyumba, anachuma mwenyewe, anabeba kikapu mgongoni mpaka kituo cha kupimia, na jani linakwenda kiwandani, halafu linakuja kwetu Mombasa. Tulipofika mlangoni mvua ikaanza, kisha mawe. Mawe ya barafu, Sidi, yanapiga mabati hata huwezi kusikia mtu anasema nini. Meno yangu yalikuwa yakigongana. Yule mama aliniangalia, akaingia ndani, akatoka na shuka lake zito na kunivika mabegani. Hakuwa ameniuliza hata jina.

Tukakaa. Akapika chai ya maziwa, akaileta kwenye vikombe vyake vya udongo, vyenye maua, aina ambayo mtu haitoi kila siku. Na mkubwa mmoja wa msafara wetu, kwa kutaka kuchangamsha watu, akasema, "Mbeyu, hebu tuonyeshe ulimi wako." Wote wakageuka kunitazama.

Ningeweza kunywa. Ningeweza kucheka na kusema leo niko likizo. Lakini macho ya watu ni kitu kibaya ukiwa na njaa nayo. Nikasimama na shuka la yule mama mabegani mwangu, nikaivuta chai yake kwa ile sauti, nikaizungusha, nikapiga hatua mbili hadi mlangoni, nikaitema nje penye matope. Nikawageukia, nikasema kama mwonjaji kabisa, "Hii ni vumbi la mwisho wa gunia. Na imekaa miezi."

Walicheka. Mkubwa akapiga makofi. Yule mama hakucheka. Alisubiri mpaka kelele za mabati zipungue kidogo, akaniambia taratibu, kwa Kiswahili chake cha kujitafutia, "Hiyo ni ya wageni, mama. Sisi hatukufungua mpaka leo."

Yaani alikuwa amenunua pakiti dukani. Jani lake zuri analichuma kwa vidole vyake linakwenda, na chai ya kunywa anainunua, ile hafifu, kama sisi tunavyoinunua. Na hiyo hafifu aliiweka, watoto wake wakaitazama kabatini miezi yote hiyo, kwa sababu huenda siku moja akaja mgeni. Mgeni mwenyewe nikawa mimi.

Akachukua kikombe changu. Akakisuuza kwa maji ya moto, akakijaza tena, akakiweka mbele yangu. Nilipewa mara mbili, Sidi. Nilikitazama kile kikombe kikitoka mvuke mpaka kikapoa na kufanya utando juu. Sikukinywa. Sikuweza kumeza, na sikuweza kusema samahani, maana kuisema ingekuwa kukubali mbele ya wale waliocheka kwamba nimefanya ushenzi. Wakati wa kuondoka nililikunja shuka lake, nikaliweka kitini, nikapanda basi.

Ulimi uliponza kichwa, husema wazee. Wangu uliponza na moyo.

Nilipofika nyumbani mlinijaa mlangoni. Hawe akauliza kule ni watu gani, wamekupokeaje. Nilikuwa na njia mbili, na ile ya ukweli ilikuwa fupi tu, maneno kumi. Nikashika nyingine. Nikasema ni watu wa dharau, hata chai hawakunipa. Hawe akashika kichwa. Kwa mama wa Kigiriama, kumnyima chai mtu aliyetoka safari ni sawa na kumfukuza na mbwa. Kufika Jumapili ukoo mzima ulikuwa unaijua habari hiyo, na kila aliyeisimulia aliiongezea chumvi. Kwa Kazungu nikawa nimesimamishwa mvuani.

Mtu mmoja tu hakuiongezea. Baba yako alinitazama kutoka pale kitini pake, akaniuliza, "Hata maji?" Nikamjibu, "Hata maji." Akarudi kwenye redio yake. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipotia chumvi katika habari yoyote, ya jirani au ya bei ya samaki, yeye alisema polepole, "Mbeyu, hata maji?" Wewe ulidhani ni mchezo wetu wa mapenzi. Ulikuwa ni mlango, mwanangu, na mume wangu aliushikilia wazi miaka minane ili nipite, akafa ameushika. Hilo linaniuma kuliko la kutema.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi. Imetembea miaka kumi na sita, imevaa nguo za methali, imekaa mezani petu na kula nasi, na mwisho ikaingia chini ya mto wako na kukuandikia barua ya kukataa kazi. Ndiyo maana leo nina hasira, na hasira yangu si kwako wala kwa Kazungu. Kazungu alikuwa anakupenda kwa habari alizopewa. Habari nilimpa mimi.

Kwa hiyo kesho, kabla ya maombi ya safari, wakiwa wamekusanyika sebuleni, nitasimama niwaambie. Nitalisema lote, na la shuka pia. Nimelipima tangu Jumanne ile na sitarudi nyuma. Hawe atanuna, anune. Kazungu atacheka kwa wiki tatu, na wajumbe wa kanisa watapata la kusimulia. Wacha wacheke, mimi nimewachekesha kwa uongo siku zote, sioni kwa nini niwaogope kwa kweli. Na mtu yeyote atakayesema tena "mtu wa Kericho" ndani ya nyumba hii atakula kwake.

Nawe usiende kule kwa magoti kwa ajili yangu. Kosa ni langu, usilibebe kwenye begi lako. Wako watakaosema mtu wa Pwani ni mvivu, wako watakaokucheka unavyosema "abee" ukiitwa na mkubwa. Waitikie hivyo hivyo, usifupishe ulimi wako kwa ajili ya mtu. Ila na wewe wakikosea Kiswahili usicheke, maana yule mama alinishinda kwa Kiswahili kibovu, na mimi niliyezaliwa ndani yake sikuwa na neno. Na siku watu watakapokugeukia wote wakitaka uwaonyeshe unavyojua, nakuomba uangalie kwanza kikombe ni cha nani. Nisingekuambia hata hilo kama lisingenigharimu.

Kuna pakiti ndani ya begi lako, chini ya viatu, nimeifunga kwa gazeti. Ile niliyopewa ghalani waliponiaga kazini, chai ya daraja la kwanza kutoka milima ile ile. Unajua ilipokuwa: kabatini, nyuma ya sahani za harusi, miaka mitatu. Mara ngapi uliniomba tuipike, nikakukaripia kwamba hiyo ni ya wageni.

Leo jioni, ulipotoka, nilikata kona yake, nikachemsha maji, nikapima kwa mkono kama zamani. Nikaivuta. Imekaa, Sidi. Imekufa kabisa, imebaki rangi. Chai nzuri kuliko zote zilizopata kuingia nyumba hii nimeiua mwenyewe kwa kumngojea mgeni wa kuistahili. Mdomo wangu ulikuwa umeshageukia sinki kwa mazoea. Nikasimama pale, mwanamke mzima na shavu limejaa, nikamkumbuka. Nikameza.

Nimeiziba kona kwa gundi na kuifunga upya. Siendi kununua nyingine. Mkono mtupu haulambwi, lakini sitaki kumpelekea kitu kipya cha kujisafisha, nataka apate hiki hiki. Ukishapata pa kulala na kazi ikishakuzoea, mtafute. Ukitoka mjini, kituo chao cha kupimia majani kiko chini kidogo ya kanisa lenye mabati mekundu, na nyumba yake ni ya pili ukishakipita. Uliza kwa Mama Chelangat. Kama Mungu ameshamchukua, mpe Chelangat mwenyewe, mwanawe. Usimwombe msamaha, hilo si lako kumwomba. Sema tu umetumwa na yule mwanamke wa leso mbili, na kwamba chai hii ilikuwa ya wageni, hatukuifungua mpaka leo. Ataelewa.

Akikukaribisha, kaa. Akipika chai, hiyo au nyingine, kunywa mpaka chini. Na kama ataivuta hii yangu, akasimama, akaitema nje ya mlango, usikasirike na usijibu. Inuka uchukue kikombe chake, ukisuuze kwa maji ya moto, umjazie tena. Mimi nilifanyiwa hivyo.

Basi, nasikia sauti zenu za kwaya zinakuja kwa njia ya duka, na nisingependa unikute na karatasi hii. Nitaitia pamoja na tiketi yako, uisome mkishapita Voi, mahali ambapo Kazungu hawezi kukufikia. Hapo nitakuwa nimeshasimama mbele yao.

Mwezi wa nane nitakuja mwenyewe. Nitanunua viatu vya kufunika vidole. Mwambie Mama Chelangat asinipikie kitu kipya, siji kutembea. Nakuja kunywa kile kikombe nilichokiacha mezani.

Mamako,
Mbeyu